Kung'oa chuma kwa kaboni ukiwa na mashine ndogo ya TIG

Kwa fundi aliye mbali na mji, gesi ya kukatia chuma ni shida ya kudumu. Mtungi wa oksijeni unaisha katikati ya kazi, wa asetilini unasubiri lori la wiki ijayo, na kuifunga mitungi hiyo nyuma ya bodaboda ni hatari ambayo sitaki kuiona tena barabarani. Umeme ndio tulio nao. Ndiyo maana huku bonde la Kilombero, Tanzania, kwenye matela ya matrekta na mashine za kukoboa mpunga, nimezoea kuitumia mashine yangu ndogo ya TIG, yaani ya kuchomelea kwa ncha ya tangsteni ndani ya gesi ya agoni, kwa kazi ambayo haikununuliwa kwa ajili yake: kuyeyusha chuma na kukiondoa kwa fimbo ya kaboni.

Niseme mapema ninachokiamini, maana vijana wengi wananiuliza wakiwa na matumaini makubwa kupita kiasi. Kaboni kwenye mashine ndogo haichukui nafasi ya gesi. Ukitaka kukata nayo sahani ndefu ya milimita 10 utamaliza fimbo, utaichosha mashine, na ukingo utakaoupata utahitaji grenda kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni heri ungeanza na grenda yenyewe. Mahali pake ni pale penye chuma kidogo ambacho hakuna kifaa kingine kinachokifikia. Pini iliyogandia ndani ya bushi, yaani bomba fupi la chuma inamokaa pini. Bolti iliyokatika ikabaki kwenye shimo, na ni ngumu hadi drili inateleza juu yake. Mshono mbovu ambao lazima utolewe mpaka kwenye mzizi ndipo uchomelewe upya. Puli ya kasti, chuma cha kumimina, iliyopasuka na kuganda kwenye shafti. Kazi za namna hiyo zinaisha kwa moto wa dakika chache, na ndizo zinazonifanya nisiiache kaboni.

Wazo lenyewe ni la zamani sana. Mwaka 1881 Nikolai Benardos, mvumbuzi wa Dola ya Urusi, alikuwa tayari anaunganisha metali kwa tao la umeme, yaani moto wa umeme unaoruka kutoka kwenye ncha ya kaboni hadi kwenye chuma, miaka mingi kabla hizi fimbo zetu zenye ganda la dawa hazijaenea. Kupuliza hewa ya kompresa ili kukisukuma chuma kilichoyeyuka kulikuja baadaye, Marekani, miaka ya 1940. Kwa hiyo anayechukua kaboni leo hafanyi mazingaombwe. Anarudi kwenye mwanzo wa ufundi huu, akiwa na mashine nyepesi ya kubebwa begani.

Kaboni inaweza kazi hii kwa sababu haiyeyuki kama metali. Chuma cha kawaida kinayeyuka kwenye nyuzi kama 1,500 za Selsiasi. Kaboni inavumilia hadi kwenye nyuzi 3,600 hivi, na hapo inageuka mvuke moja kwa moja. Ncha yake inabaki ngumu, inawaka nyeupe, na chuma kilicho mbele yake kinakuwa uji. Gesi inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa: inakichoma chuma ndani ya oksijeni hadi kiwe oksidi inayotiririka. Ndiyo sababu gesi inashindwa na stenlesi na inahangaika na kasti, kwa kuwa oksidi ya kromu haikubali kuyeyuka na kutoka njiani, na kasti ina mambo yake. Tao la kaboni halijali. Linayeyusha chochote, na ukiyeyusha ukaondoa, umekata. Hilo la kasti na stenlesi ndilo jambo la kwanza ninalomwambia mtu anayedhani kaboni ni kifaa cha maskini aliyekosa gesi. Kuna kazi ambazo hata mwenye gesi ataziletea kaboni.

Sasa mashine yenyewe. Inveta ndogo za TIG, yaani hizi mashine nyepesi za kielektroniki tunazouziwa, huwa na sehemu mbili: TIG, na kuchoma kwa fimbo, yaani MMA. Kwa kaboni peleka swichi kwenye MMA, na sababu yake ni volti. Kiwango kinachotumika kuzipima mashine hizi kinasema kwamba kwenye TIG, ukiwa na ampia 160, mashine inatarajiwa kusukuma volti 16.4, na kwenye fimbo, kwa ampia zilezile, volti 26.4. Tao la kaboni lenye hewa ya kompresa linapenda volti karibu 40. Ukitazama namba hizo tatu kwa pamoja unaelewa tabia yote utakayokutana nayo: ukiwa kwenye TIG moto unakata mara tu unaponyanyua mkono kidogo, na hata kwenye MMA mashine ndogo haina akiba ya volti ya kushikilia tao refu. Mkono wako ndio unaoziba pengo hilo. Ncha ya kaboni ikae karibu na chuma muda wote, karibu kuliko unavyodhani inafaa, na moto ukitaka kukatika punguza ampia kidogo badala ya kuongeza, kwa kuwa inveta nyingi zinashikilia tao refu zaidi zikiwa hazijabanwa kwenye mwisho wa nguvu zake.

Tochi ya TIG ing'oe uiweke pembeni. Nimeona watu wakiingiza kijiti cha kaboni mahali pa tangsteni, kwa kuwa kinaingia. Tochi ndogo zisizopozwa kwa maji, kama ile ya namba 17, zimepimwa kwa ampia kama 150 na zilitengenezwa kwa ajili ya moto mtulivu. Cheche za kaboni zinajaa kwenye kikombe cha udongo, kishikizo cha shaba kinalainika, na agoni inayopita hapo haisaidii lolote. Tumia holda ya kawaida ya fimbo, ile nzito yenye taya za shaba, na kebo iliyonyooshwa. Kama mashine ina kuwasha kwa masafa ya juu, hakikisha imezimwa. Ile cheche inayoruka yenyewe si rafiki wa vifaa vya elektroniki vilivyo karibu.

Kuhusu chanya na hasi, hapa ndipo mafundi wanabishana hadi chai inapoa, na kila mmoja ana haki upande wake. Kama huna hewa, kaboni unaiweka upande wa hasi. Joto kubwa linakwenda kwenye chuma, ncha inaliwa polepole, na kaboni haisafiri kwa wingi kuingia kwenye chuma. Kama una hewa na fimbo zilizopakwa shaba, kaboni inakwenda chanya, na ndivyo fimbo hizo zilivyokusudiwa kwa chuma cha kawaida. Ukizigeuza utaisikia tofauti kabla hujaiona: moto unakuwa na kigugumizi, na mfereji unajaa vinundu vya kaboni. Kwa anayetoka kwenye TIG jambo hili linataka uangalifu, kwa sababu tochi yake siku zote hukaa kwenye hasi na mkono unarudisha plagi huko bila kufikiri.

Fimbo nazo. Huku wengi wanaanza na vijiti vya ndani ya betri kubwa za redio, vile vyeusi vya katikati. Vinafanya kazi. Lakini betri ikipasuliwa inamwaga unga mweusi wa manganizi na chumvi zake, na hiyo si kazi ya kumpa mtoto kwa shilingi mia mbili, jambo ninaloliona na linaniumiza. Vijiti vyenyewe mara nyingi vimenyweshwa nta, kwa hiyo moto wa kwanza unatoa moshi mzito. Ni vinene kwa mashine ndogo, kama milimita 8, hivyo lazima uvichonge kwenye grenda viwe na ncha kama ya penseli. Na havina ganda la shaba, hivyo vinawaka vyekundu kuanzia kwenye holda. Usiache zaidi ya sentimita 5 nje ya taya. Betri za alkali usihangaike nazo, hazina kijiti hicho. Za lithiamu usiziguse kabisa. Kaboni za mota na za grenda nimeona zikitumika pia. Ni fupi, zinapasuka, nyingine zimechanganywa na shaba, na siziungi mkono.

Fimbo za dukani zilizopakwa shaba ndizo ninazoshauri. Ya milimita 4 inafanya kazi vizuri kati ya ampia 90 na 150, na hiyo ndiyo saizi ya mashine ndogo. Ya milimita 5 inataka 150 hadi 200, tayari mashine inahema. Ya milimita 6.5 inaanzia 200 kwenda juu. Waachie wenye mashine kubwa za karakana za reli na meli. Ganda la shaba linabeba umeme hadi karibu na ncha na kuizuia fimbo isiliwe ubavuni. Ziweke mahali pakavu. Fimbo iliyokula unyevu wa masika inapasuka vipande vipande ukiiwasha, na vipande hivyo vinaruka usoni.

Nieleze kazi moja kwa karibu, maana maneno ya jumla hayamfundishi mtu kushika holda.

Mzee mmoja mkulima alileta tela lake la kubebea mpunga msimu wa mavuno. Pini ya mkono wa kuvutia, unene wa milimita 30, ilikuwa imeshikana na bushi yake kwa kutu na udongo wa miaka. Walishaipiga nyundo kubwa huko shambani hadi kichwa kikafura kama uyoga, na kila nyundo ilikuwa inazidi kuibana. Spana hapo haina kazi. Drili ingechukua siku nzima, na chuma cha pini kilikuwa kigumu.

"Fundi, hiyo itatoka leo? Mpunga wangu uko juani."

"Itatoka, mzee wangu. Ila nipe nafasi, na hawa vijana wasogee nyuma ya ukuta."

Kazi ya kwanza haikuwa ya moto. Tulifagia pumba zote sehemu ile, tukamwaga maji chini, tukaweka ndoo ya mchanga. Pumba za mpunga zinashika cheche na kuungua chini kwa chini bila mwali, unaweza kuondoka ukidhani pako salama. Halafu tela likafunguliwa kutoka kwenye trekta. Kama ungekuwa lazima uchome likiwa limeunganishwa, toa nyaya za betri na za oltaneta kwanza. Kibanio cha ethi nilikifunga kwenye sikio lenyewe la pini, kwenye chuma kilichosuguliwa hadi king'ae, si kwenye ekseli wala kwenye fremu ya mbali. Umeme wa kurudi ukipitia kwenye beringi unaacha vidoa vya kuungua kwenye njia za gololi zake, na mwenye tela atarudi baada ya mwezi na beringi inayolia bila kujua ilianzia wapi.

Nikakata kichwa kilichofura kwa grenda, pande zote mbili, pini ikabaki sawa na uso wa bushi. Kisha tukainua tela kwa jeki upande mmoja ili uso wa pini uangalie chini kidogo. Hili ni dogo lakini ndilo linaloamua kazi yote. Kaboni inayeyusha tu. Kinachoondoa chuma ni uzito wake mwenyewe au hewa. Ukichimba shimo linaloangalia juu, uji wa chuma unabaki humo, unapoa, unaganda tena, na unaanza upya ukiwa na chuma kichafu zaidi ya kile cha mwanzo. Shimo likiangalia chini, kila tone lina mahali pa kwenda.

Ampia 130, fimbo ya milimita 4, ncha imechongwa. Nilianza kwenye ukingo wa chini wa uso wa pini, nikaigusisha kaboni na kuinyanyua mara moja. Kaboni haigandi kwenye chuma kama fimbo ya kawaida, hivyo huna haja ya kuikwaruza. Mwanzoni doa jekundu, kisha la rangi ya chungwa, kisha uso unalegea na kung'aa kama majimaji. Hapo ndipo unaivuta ncha kuelekea chini, ukikikokota chuma nje. Moto wa kama nusu dakika, unapumzika, unagonga ukoko kwa tindo, unarudi. Shimo la katikati likawa na upana wa kidole, likazama polepole kuelekea ndani. Bushi sikuiwashia moto hata kidogo. Macho yako yote yanakuwa kwenye duara jembamba la chuma linalobaki kati ya shimo na bushi.

Watu wengi wanaotazama wanadhani lengo ni kuyeyusha pini yote. Huhitaji kufika huko. Pini ikipata moto inataka kutanuka, bushi iliyo baridi inaizuia, hivyo chuma chake kinajikandamiza chenyewe. Ikipoa inasinyaa, na sasa ni ndogo kuliko ilivyokuwa asubuhi. Ukiongeza kwamba katikati kuna tundu, lile ganda linalobaki halina nguvu tena ya kushikilia. Kwa hiyo kupoa ni sehemu ya kazi, na ndiyo sehemu inayokosewa kwa haraka. Tukaiacha ipoe yenyewe hadi unaweza kuishika kwa mkono, ndipo tukatia dizeli kidogo pembeni ipenye. Dizeli kwenye chuma cha moto ni kuwasha moto mwingine. Baada ya chai, kijana mmoja alishika nyundo ya kawaida na kipande cha nondo, akagonga bila hasira, na pini ikasogea. Bushi ilitoka na mikwaruzo tu ya kutu. Mzee aliigeuza mkononi, akapitisha kidole ndani, akaniambia nimtafutie pini mpya na niitoboe njia ya grisi. Ile ya zamani haikuwa nayo.

Kazi ile niliifanya bila hewa. Ukiwa na kompresa, hata ndogo, kila kitu kinabadilika. Mtengenezo wangu ni bomba jembamba la shaba, la friji, lililofungwa ubavuni mwa holda kwa waya, likiwa na vali ya kidole, mdomo wake ukielekea kwenye chuma kilichoyeyuka, upande wa nyuma wa ncha unavyosonga mbele. Holda halisi za kazi hii zina matundu ya hewa kwenye taya. Ukipata moja nunua. Shinikizo la bar 5 hadi 7 ndilo linalotakiwa kwa kazi nzito, na kwa fimbo nyembamba hata bar 3 inasukuma. Kompresa ya lita 50 inaishiwa haraka, kwa hiyo unafanya kazi kwa vipande: unasubiri geji ipande, unachimba kidogo, unasubiri tena. Inaendana vizuri na mapumziko ambayo mashine nayo inayahitaji. Fimbo ilale kwenye nyuzi 35 hadi 45, isukumwe mbele, na mfereji unaopata unakuwa mpana kuliko fimbo kwa milimita 3 hivi. Kwa kutoa mshono mbovu hakuna kinachoishinda. Unaona kabisa ufa ukitembea mbele yako ndani ya mfereji, mstari mweusi kwenye chuma cheupe, na unaufuata hadi unapotea. Grenda inauziba ufa kwa kuupaka chuma juu, kaboni inauonyesha. Kwa fremu ya tela iliyopasuka mara ya pili mahali palepale, mimi naona ni wajibu kuufuata ufa namna hiyo kabla ya kuweka mshono mpya.

Kisha kuna jambo ambalo halionekani kwa macho. Kaboni inaacha sehemu yake kwenye chuma, hasa ukikata bila hewa au ukiigusisha ncha mara kwa mara. Chuma kilichonyonya kaboni kikipoa haraka kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika. Ukichomelea juu yake bila kusafisha, mshono unaonekana mzuri na unapasuka pembeni siku ya kwanza ya mzigo. Jinsi ya kujua ni rahisi: pitisha tupa kwenye ukingo. Ikiteleza na kulia bila kuuma, chuma bado ni kigumu. Sugua kwa grenda, jaribu tena, sugua, hadi tupa ikamate na kutoa unga. Mara nyingi milimita 1 inatosha, wakati mwingine zaidi. Kwa kasti usitegemee kabisa ukingo wa kaboni kwa kuchomelea. Tumia kaboni kuondoa kasti unayoitupa.

Sasa umeme wa kijijini. Ampia 160 kwa volti 26 ni zaidi ya kilowati 4 zinazotoka, na ukutani mashine inavuta kama 5 au zaidi. Kwenye volti 230 hiyo ni ampia 22 na kupanda, wakati plagi ya kawaida ni ya 13. Plagi inayeyuka, soketi inanuka, na watu wanalaumu kaboni. Vuta laini yake yenyewe, waya wa milimita mraba 6, breka yake, na ethi ya kweli ardhini. Ekstensheni ya waya mwembamba iliyoviringishwa ni hita. Nyumba zilizo mwisho wa laini huwa zinapata volti pungufu jioni watu wakipika na kutazama televisheni. Fanya kazi ya kaboni asubuhi. Kuhusu LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, moto mfululizo wa dakika 12 ni kama uniti moja, na kwa kuwa kazi ya kweli ni moto wa nusu nusu dakika, gharama ya umeme ndiyo ndogo kuliko zote hapa. Jenereta ya kilowati 3 usiisumbue.

Mashine nayo ina kikomo chake, kimeandikwa kwenye kibao cha nyuma kwa asilimia. Asilimia 60 kwenye ampia fulani maana yake ni dakika 6 za moto ndani ya kila dakika 10, na hesabu hiyo inafanywa kwa hewa ya nyuzi 40. Asilimia 25 ni dakika mbili na nusu. Ikiwaka taa ya njano, usizime swichi. Iache feni izunguke, ndiyo inayoiponya. Na kuna adui wa kimya zaidi ya joto: vumbi. Vumbi la kaboni na la grenda linapitisha umeme, na feni ya inveta inalivuta moja kwa moja hadi kwenye bodi. Mashine ikae upande unakotoka upepo, mbali kadiri kebo inavyoruhusu, na mara kwa mara ifunguliwe ikiwa imechomolewa na kukaa muda, ipulizwe kwa hewa kavu isiyo kali. Mashine nyingi ndogo zinazoletwa kwangu zikiwa zimekufa zimejaa unga mweusi ndani.

Mwili wako sasa, na hapa ninaomba kusikilizwa. Mwanga wa kaboni ni mkali kuliko wa fimbo. Kioo cha namba 10 tulichozoea hakitoshi. Nashauri 12, na kwa moto mkubwa 14. Macho yakichomwa hayaumi wakati huohuo, yanaanza usiku kama umemwagiwa mchanga, na dawa yake ni zahanati, wala si maziwa wala kipande cha kiazi. Vaa ngozi kifuani na miguuni, funika masikio, kwa kuwa hewa ikipuliza tao linanguruma kuliko grenda. Suruali isiwe na pindo chini, cheche zinaingia humo.

Moshi ndio ninaouogopa zaidi. Kaboni inayoungua inatoa hewa ya monoksidi ambayo haina harufu na inaua mtu akiwa amelala. Kazi hii ifanyike nje au kwenye banda lililo wazi pande mbili, kamwe usiifanye ndani ya kontena wala kwenye shimo la gereji. Mabati yaliyopakwa zinki yanatoa moshi mweupe unaoleta homa ya usiku. Ondoa zinki kwanza. Stenlesi ina kromu kwenye moshi wake. Rangi za zamani za matrekta zinaweza kuwa na risasi, zisugue hadi chuma kitupu, ukiwa umeziba pua. Mwanafunzi wangu asiyevaa barakoa simpi holda, hata kama mteja anasubiri.

Pipa lililowahi kuwa na petroli, dizeli au kitu nisichokijua sikati, hata likiwa limeoshwa kwa sabuni na kukaushwa wiki nzima. Rimu ya gari yenye tairi juu yake sikati. Shafti ambayo mteja anataka kuitumia tena siipigi kaboni karibu na sehemu inayokaa beringi. Kwa hizo kuna njia nyingine, na kama hakuna, kazi inaenda mjini.

Anayetaka kununua mashine kwa ajili ya kazi kama hii asidanganywe na namba kubwa iliyoandikwa mbele. Geuza mashine usome kibao cha nyuma: ampia ngapi kwenye asilimia 60, ngapi kwenye asilimia 100, volti ngapi ikiwa haina mzigo, na umeme kiasi gani inavuta. Volti za bila mzigo zikiwa 60 au zaidi kaboni itawaka vizuri. Ampia 140 kwenye asilimia 60 ni mashine bora kwa fimbo ya milimita 4 kuliko 250 ya mbele isiyo na asilimia yoyote. Mwombe muuzaji aiwashe, uchome nayo fimbo mbili za milimita 3.2 mfululizo hapo dukani huku ukisikiliza feni, kisha ushike plagi kwa mkono uone kama imepata moto.